Shikamoo, Fundi wa Taa ya Breki

Tangu 2008, Kenya ilipoondoa VAT kwa pikipiki ndogo, Kitale na Bungoma zimejaa Boxer na TVS, na nyingi sasa ni vikongwe. Ndipo fundi wa kando ya barabara anapostahili pongezi zake.

Mwangalie akishughulikia swichi ya breki ya mbele, kidude kidogo kilichojificha chini ya mkono wa breki. Hakimbilii kuuza kipya. Anachomoa nyaya mbili, anazigusanisha. Taa ya nyuma ikiwaka, mbaya ni swichi. Isipowaka, anafuata balbu, fyuzi na waya uliochubuka shingoni mwa usukani. Swichi nyingine haijafa, imekwama tu kwa vumbi la barabara ya Kiminini na matope ya msimu wa mahindi: taa inawaka mchana kutwa, betri inaisha. Anaifungua, anapitisha msasa kwenye shaba, anarudisha springi (ikiruka nyasini, kazi imeongezeka!).

“Breki ya nyuma si inawasha taa?” dereva hulalamika. Fundi hamjibu. Anabana breki ya mbele, anamwonyesha kwa kidevu: taa imewaka.