Mnong'ono wa Ngarambe

Katika vilima vya Umatumbi, nyuma ya Kilwa, mwaka 1905 kulikuwa na habari iliyolipiwa pesa moja. Wenyewe waliiita njwiywila: maneno ya siri, ya kunong'onezana. Aliyetaka kuyasikia alitoa kwanza pesa yake, ndipo akaletewa mdomo sikioni.

Ufundi ulioje! Neno la mbiu mtu hulisikia akaendelea na njia yake. Alilolilipia hulitunza, na akimpata ndugu wa kumwamini humpelekea.

Mnong'ono wenyewe haukutanguliza maji. Uligusa mgongo wa msikilizaji: pamba ya kulazimishwa, kodi, kiboko cha akida wa serikali ya Kijerumani, kazi isiyo na ujira. Hayo aliyajua kabla ya kuambiwa, akaitikia moyoni. Jipya lilikuwa hili: Ngarambe yuko mtu, Kinjikitile Ngwale, aliyepandwa na pepo Hongo, naye ana dawa ya kuzuia risasi. Dawa nayo ilikuwa vitu vya nyumbani, maji yaliyotiwa mafuta ya nyonyo na punje za mtama. Mkulima gani angehitaji kufafanuliwa maana ya maji na mtama?

Mwishoni mwa Julai pamba iling'olewa Nandete, ikawa ishara ya vita. Tarehe 4 Agosti Wajerumani walimnyonga Kinjikitile huko Mohoro, wakidhani wamemaliza. Vita hivyo vya Maji Maji viliendelea bila yeye hadi 1907, vikawakusanya Wangindo, Wapogoro, Wangoni na wengine ambao hawakuwahi kuwa na mtawala mmoja. Hakukuwa na jeshi la kuwalazimisha; walishawishika.

Lakini maji hayakuzuia risasi. Waliokufa, wengi wao kwa njaa, wanakadiriwa kuanzia elfu sabini na tano hadi kupita laki mbili. Kuusifu ufundi huu bila kuwataja hao ni dhuluma.

Ebrahim Hussein, mzaliwa wa pwani ya Kilwa, aliyabeba yote mawili, ufundi na maafa, katika tamthilia yake Kinjeketile ya mwaka 1969. Shujaa wake anaingiwa na shaka juu ya maji yale yale aliyowapa watu, ila neno limekwisha kumtoka na watu wanalifia. Mchezo unaishia kifungoni: anatakiwa atamke kwamba maji yalikuwa uongo, naye anakataa.