Mzani, Daftari na Kilo 2.5

Jimu nyingi za uswahilini Dar es Salaam hazina vyuma vya dukani. Bomba linasimikwa kwenye kopo la rangi lililojaa zege, upande wa pili hivyohivyo, likishika vizuri watu wanapiga tizi. Uzito wake hakuna anayeujua, na mara nyingi kopo la kushoto linazidi la kulia. Ndiyo maana namvulia kofia kocha anayeanza kwa kuazima mzani wa kuning'iniza, akapima kila kipande na kukiandika kilo zake kwa rangi nyeupe.

Maana kazi yote inayofuata ni hesabu. Anayeanza anapewa mzigo mwepesi kiasi cha kuudhi. Anachuchumaa nao mara tano, anapumzika dakika mbili tatu, anarudia hadi seti tatu, basi, aende nyumbani. Keshokutwa anaongezewa kilo 2.5 tu. Wenzake wanamcheka. Kocha macho yake yako kwenye magoti yasiingie ndani, visigino visinyanyuke, na zaidi ya yote mwendo wa rudio la mwisho. Likipanda kwa kasi ya la kwanza, mzigo utaongezwa. Likisita katikati, unabaki ulipo. Likipanda kwa kukunja mgongo halihesabiwi, hata mwenyewe akiapa.

Ubahili huo una sababu. Wiki za mwanzo nguvu hupanda kuliko misuli inavyonenepa, kwa kuwa mishipa ya fahamu ndiyo inayojifunza kwanza kuamsha nyuzi nyingi kwa pamoja. Kano huchelewa. Kijana anajiona simba wakati viungo vyake bado havijapata habari.

Aliyeipa hesabu hii heshima hospitalini ni Thomas DeLorme, daktari wa jeshi la Marekani na mnyanyua vyuma mwenyewe. Katika Gardiner General Hospital, Chicago, aliwavisha askari wenye magoti mabovu kiatu cha chuma, akatafuta uzito wanaoweza kuunyanyua mara kumi na si zaidi, kisha akawa anauongeza. Alichapisha matokeo mwaka 1945. Miaka mitatu baadaye, yeye na Arthur Watkins walipendekeza seti tatu: nusu ya uzito huo, robo tatu, halafu wote.

Ufundi wenyewe huonekana kwenye kusukuma chuma juu ya kichwa. Kwa anayechuchumaa na kilo 60, kilo 2.5 ni kama hakuna kitu. Kwa anayesukuma 20, hiyo ni sehemu ya nane ya mzigo mzima, na mabega hayasamehe. Basi kocha anashona vifuko vya mchanga vya nusu kilo, anafunga kimoja kila upande kwa mpira wa baiskeli, anarudi nyuma kuangalia kama bomba limelala sawa. Vifuko hivyo navipenda kuliko mashine zozote za hotelini.

Mzigo ukigoma siku tatu mfululizo, anapunguza sehemu ya kumi. Hapo ndipo vijana hununa. Daftarini panasomeka: 45, 47.5, 47.5, 47.5, 42.5. Mwenye ukurasa akiuliza 50 ataishika lini, anahesabiwa kwa vidole: leo Ijumaa, Jumatatu 45, Jumatano 47.5, Ijumaa ijayo 50, magoti yakikubali.