Koti la Lodi Lofa

Kwa miezi 8 nimechora kurasa 4. Hadithi niliyoipanga ina kurasa 60: Lodi Lofa anashuka Sumbawanga kwa basi la kutoka Tunduma, anajifanya tajiri aliyekuja kununua mahindi, kumbe hana hata nauli ya kurudi. Kwa mwendo wangu huu, atarudi kwao baada ya miaka 10. Nimejiuliza kama niendelee naye au niache, na jibu nimelitafuta kwenye kurasa zenyewe.

Kwanza, Lodi Lofa si wangu. Ni wa Sani, jarida lililoanza mwishoni mwa miaka ya 1970, ambalo jina lake limeunganisha majina ya Saidi Bawji na Nico ye Mbajo. Lakini wahusika wa Sani hawakuwahi kuwa na mkono mmoja. Philip Ndunguru, mmoja wa waliowapa uhai, alifariki mwaka 1986. Ndumilakuwili na wenzake hawakuzikwa naye. Wachoraji wengine walishika kalamu, na wasomaji wakaendelea kucheka. Kwa hiyo shabiki kumchora mhusika aliyemkuta si jambo geni kwetu. Tofauti ni kwamba wale walikuwa na idhini ya jarida. Mimi nitaomba ruhusa kabla ya kuweka chochote mtandaoni, na sitauza.

La pili ndilo gumu. Nilidhani ninachelewa kwa sababu nachorea kwenye simu, usiku, baada ya kazi. Nilipoweka kurasa zangu kando ya nakala za zamani za Sani, niliona sababu nyingine. Mchoraji anayesubiriwa na mtambo wa kuchapa hana muda wa kuchora kila tofali. Mstari mmoja ni ukuta, miwili ni barabara. Nguvu yote inakwenda usoni na kwenye maneno. Haraka ile imeingia katika mtindo wenyewe. Mimi nimechora milima ya Mbizi, ukungu wake, na kila kifungo cha koti.

Mdogo wangu alizisoma zote nne kwa dakika moja. "Dada, umechora vizuri," akasema. "Sasa utani uko wapi?"

Utani ulikuwepo, ila nilikuwa nimeuficha ukurasa wa nne. Jina lenyewe linakueleza mhusika: lodi ni bwana mkubwa, lofa hana kazi wala mali. Nilimvika koti ili ajitutumue. Dar es Salaam, kwenye joto lile, koti ni majivuno matupu. Lakini huku juu Ufipa, mwezi wa saba, hata kijana wa mkokoteni amevaa koti. Lodi Lofa anapita sokoni kifua mbele na hakuna anayegeuka. Baridi imemnyang'anya silaha yake.

Hapo ndipo nilipopata kipimo cha kazi ya shabiki. Kumhamisha mhusika tunayempenda hakutoshi. Mahali papya lazima pamfanye kitu ambacho kwao kisingemtokea. Ukurasa wa nne unafanya hivyo. Kurasa tatu za mwanzo zinapamba tu, na miezi 6 iliishia humo.

Wafipa wa zamani waliyeyusha chuma katika tanuru refu la udongo, linalovuta upepo lenyewe bila mivukuto. Kilichotoka humo kilikuwa bado kimechanganyika na uchafu, hakifai jembe. Kilipelekwa tena kwenye tanuru dogo, kintengwe, kusafishwa, ndipo mhunzi akafua. Kurasa zangu 4 zimetoka tanuru la kwanza. Kuzizidisha zifike 60 ni kurundika uchafu.

Basi nimeufuta mpango wa kurasa 60. Nitachora ukurasa mmoja mmoja, kila mmoja kisa kamili, wenye visanduku 6 tu. Edward Gitau, kule Kenya, alimchora Juha Kalulu katika Taifa Leo kwa miongo kadhaa, kipande kifupi kwa kipande kifupi. Ukitoka mmoja kwa mwezi, msomaji hatakuwa ananidai mwisho wa hadithi.

Nimeanza na lile koti. Milima nimeifuta, vifungo vimebaki viwili. Mdogo wangu alifika kisanduku cha tano, akacheka, kisha akauliza kama Lodi Lofa atafika na Laela.