Kuijua Hamaka Njema ya Yucatán

Ikifika saa saba mchana, Sisal hunyamaza. Boti zimeshavutwa juu ya mchanga, samaki wameshapimwa na kuuzwa, na jua limesimama utosini. Ukipita barabarani saa hiyo utakuta milango iko wazi na ndani hakuna aliyesimama. Kila mtu yuko hewani, amejilaza ndani ya hamaka, mguu mmoja ukining'inia nje ili kidole kiguse sakafu na kuisukuma mara mojamoja.

Hamaka ni kitanda cha nyuzi kinachotundikwa kwa ncha zake mbili, na katika jimbo la Yucatán, kusini-mashariki mwa Mexico, si pambo la hotelini. Nyumba hujengwa zikiwa na kulabu zake ukutani tangu mwanzo. Watu wengi hulala humo usiku kucha, maisha yao yote, na chandarua chake kikiwa juu kama mbu wamezidi. Asubuhi ncha moja hunasuliwa, hamaka hukusanywa na kutundikwa kwenye kulabu ya upande wa pili, na chumba cha kulala kimeshakuwa sebule. Mgeni anayedhani ni kitu cha likizo atanunua ya likizo, na mwili utamwambia kabla hakujapambazuka.

Sisal wenyewe ni mji mdogo wa wavuvi kwenye Ghuba ya Mexico, kiasi cha kilomita 50 kutoka Mérida, mji mkuu wa jimbo. Una ufuo mrefu, gati, ngome ya zamani na mnara wa taa, na hakuna cha kukuharakisha. Wakati mmoja ulikuwa bandari kuu ya Yucatán, na mwaka 1865 Malkia Carlota wa Mexico alishukia hapa. Baadaye Progreso, mji ulioanzishwa 1871, ukachukua meli zote. Msomaji wa Tanga au Voi ana lake na mji huu hata kama hajawahi kuusikia. Nyuzi za mmea wa henequen, ndugu wa mkonge wetu, zilisafirishwa kupitia hapa, na jina la bandari likaganda kwenye bidhaa, ikaitwa sisal. Mwaka 1893 Mjerumani Richard Hindorf aliagiza miche 1,000 ya mkonge kutoka Florida kupitia Hamburg. Iliyonusurika safari ilikuwa 62, ikapandwa Kikogwe karibu na Pangani, na huko ndiko yalikoanzia mashamba ya Tanga.

Kwa hiyo mtu wa kwetu akifika Sisal hutarajia hamaka ya katani. Zamani zilikuwako, na hata sasa unaweza kuuziwa moja kwa jina la asili na utamaduni. Usiinunue. Katani inakwaruza, na yeyote aliyewahi kubeba gunia begani hahitaji kuelezwa zaidi. Mahali pake ni kwenye kamba ya kutundikia, pale panapotakiwa nguvu na hakuna ngozi inayogusa. Kitanda chenyewe kiwe cha pamba, au nailoni kwa sababu nitakazozieleza.

Hamaka nyingi zinazouzwa pwani hazikufumwa pwani. Zinatoka vijiji vya ndani, na Tixkokob, mashariki ya Mérida, ndicho chenye sifa kubwa kuliko vyote. Nyingine hufumwa na wafungwa, na kazi yao haidharauliki hata kidogo, kwani muda wanao. Kifaa ni fremu ya mbao: nguzo mbili wima na vijiti viwili vilivyolazwa vinavyozishika. Mfumaji husimama mbele yake na sindano ya mbao, laini kwa kushikwa miaka mingi, iliyobeba uzi mrefu. Sindano inakwenda kushoto, inarudi kulia, na kila safari uzi unapishana na uliotangulia na kujipinda nao mara moja. Kisha mkono unaushusha mstari mpya ukae karibu na wenzake. Wanawake wengi hufanya kazi hii katikati ya kazi nyingine za nyumbani, wakiiacha maharage yanapochemka na kuirudia mtoto anapolala, hivyo hamaka moja nzuri huchukua wiki kadhaa.

Sasa tazama mvuvi anayetengeneza wavu wake kivulini hapo ufukweni. Yeye kila jicho la wavu analifunga fundo, maana wavu ukilegea samaki amekwenda. Katika mwili wa hamaka hakuna fundo hata moja. Nyuzi zimepindana tu, zikiwa huru kuteleza kidogo, ndiyo maana kitambaa chake hutanuka kufuata bega, kiuno na kisigino kila kimoja kwa kiasi chake. Ukipapasa katikati ya hamaka ukakuta vinundu, iache hapo hapo. Unao wavu mkononi, na utakuchora mgongo.

Kazi ya kuchagua ianzie mwisho, si katikati. Muuzaji hutandaza mwili kwa sababu ndiko ziliko rangi, na rangi zina uwezo wa kumpofusha mtu mwenye akili zake. Wewe shika mikono, yaani zile nyuzi ndefu zinazotoka kwenye kitanzi cha kutundikia na kufunguka hadi kuingia kitandani. Huingia mbili mbili. Hesabu jozi hizo upande mmoja. Hamaka ya mtu mmoja huwa na jozi kama 50, ile inayoitwa doble kama 100, na matrimonial, ya mke na mume, kama 150. Jina peke yake halikusaidii kitu, maana kila muuzaji wa ufukweni ana matrimonial ya kukuuzia. Mwenye bidhaa ya kweli atakusubiri uhesabu, tena atahesabu pamoja nawe. Anayekunyang'anya mikono na kukurudisha kwenye rangi ameshakujibu. Na usidhani doble ni anasa ya mtu asiye na mwenzi. Mtu mmoja mzima ndiye anayelala vizuri humo.

Hila kubwa ya biashara hii ni upana. Hamaka iliyofumwa kwa macho makubwa hufunguka sana mbele ya mnunuzi, kumbe uzi ni haba na hewa ndiyo nyingi. Dawa yake ni kuipima kwa mkono. Chukua mbili zenye ukubwa unaofanana, moja kila mkono, na iliyo nzito ndiyo yenye uzi. Kisha tenganisha jicho moja kwa vidole uone kama mstari ni wa uzi mmoja au nyuzi mbili zinazokwenda pamoja. Uzi pacha hugawana mzigo na haukati ngozi. Macho yawe madogo kiasi kwamba kidole kinaingia kwa kuombwa.

Kuhusu pamba, muuzaji ataapa. Mwombe kipande cha uzi uliobaki, ukiwashe kiberiti. Pamba huungua kwa harufu ya karatasi na kuacha jivu linalopeperuka. Nailoni husinyaa, ikayeyuka na kuwa shanga ngumu. Hakuna haja ya kubishana tena. Pamba hunywa jasho, haitelezi, na kila ikifuliwa inakuwa laini zaidi. Adui yake ni unyevu, na karibu na bahari unyevu haukosekani, kwa hiyo ikiachwa nje usiku huota ukungu. Hapo ndipo nailoni inapopata heshima yake. Kuanzia tarehe 1 Agosti hadi 15 Desemba ni msimu wa pweza, na wavuvi wa pwani hii humvua bila ndoana: fimbo ndefu za mwanzi hutokeza mbele na nyuma ya mashua, kamba zimefungwa kaa wazima, mashua inaachwa ichukuliwe na upepo na mkondo, na pweza akishamkumbatia kaa hamwachii hata anapovutwa juu. Mtu anayerudi kutoka kazi hiyo amelowa chumvi hatakiwi kwenye hamaka nzuri ya mkewe. Ya kibandani ni ya nailoni, inakauka upesi na haiozi. Lakini usiku wa joto nailoni hukushika mgongo, na jua nalo huila polepole. Kwa kulala, mimi siibadilishi pamba na chochote.

Kingo zinastahili dakika zako kuliko kitu kingine chochote baada ya mikono. Kila upande wa urefu una ukingo wa nyuzi nyingi zilizokusanywa ziwe kamba moja nene, na hapo ndipo mfumaji mvivu hujitambulisha. Ukingo ukikazwa kuliko mwili, hamaka inageuka mtumbwi: wewe umezama katikati, kamba mbili zimesimama pembeni, moja inakukata nyuma ya magoti. Ukilegezwa mno, pembeni hulala kama sikio la mbwa na hamaka haina mpaka. Inyooshe hewani mkiwa wawili, mmoja kila mwisho, mtazame ukingo na mwili kama vinakaza kwa wakati mmoja. Vikikaza pamoja, mfumaji huyo mtafute jina.

Kitanzi cha kutundikia hakina mengi. Kiwe kimezungushiwa uzi kwa nguvu, mzunguko ukigusana na mzunguko bila mwanya, na mikono yote iwe na urefu mmoja. Mkono uliopunguka kidogo tu utaivuta hamaka upande, nawe utakesha ukijirudisha katikati.

Urefu unaohesabika ni wa kitanda chenyewe, bila mikono. Inua mwanzo wa sehemu iliyofumwa mpaka usawa wa utosi wako. Mwisho wake uguse ardhi. Usipogusa, hiyo ni ya mtu mfupi kuliko wewe, hata kama upana wake wa matrimonial ungewatosha watatu.

Baada ya yote hayo, panda. Hakuna hamaka inunuliwayo bila kulaliwa, na muuzaji anayekataa hana unachopoteza kwake. Vua viatu, vua mkanda wenye bizimu, toa funguo mfukoni, maana chuma kikinasa uzi mmoja kimefungua mlango wa tundu. Keti kwanza katikati, kama kwenye kiti, huku umetandaza kitambaa nyuma yako kwa mikono miwili. Kisha lala kimshazari, kichwa kikielekea upande mmoja na miguu upande wa pili. Wageni hulala kwa urefu, kutoka kulabu hadi kulabu, wakapinda kama ndizi na kulalamika kwamba hamaka inaumiza mgongo. Kimshazari, hamaka nzuri hunyooka chini yako hadi unaweza kulala hata kifudifudi. Kaa kimya kidogo. Tafuta mahali panapobana: kisogo, bega la chini, paja, kisigino. Mahali pakidai usikivu wako, kuna mstari uliovutwa kupita kiasi, na hautalegea kwa kuombewa. Ukiona huhisi chochote na umeanza kusahau ulikuja kununua nini, uliza bei.

Kwenye bei nina neno moja kali. Mara nyingi anayetembeza hamaka ufukweni siye aliyeifuma. Uzi hutolewa na mfanyabiashara, mfumaji hulipwa kwa kipande, na katika mlolongo huo yeye ndiye anayebaki na kidogo. Kwa hiyo ukiweza, panda gari uende vijijini, ubishe hodi, usalimu vizuri na kuingia uani ukialikwa. Mwanamke mtu mzima huitwa doña na mwanamume don, na salamu haikimbizwi. Hapo unaweza kuchagua rangi, kuagiza ukubwa na kuuona mkono wenyewe ukifanya kazi. Kupunguziwa kidogo ni desturi. Kumkamua mtu aliyesimama mbele ya fremu wiki kadhaa ili ujisifu mezani Mérida ni tabia mbaya.

Ukirudi nayo Sisal, itundike kabla jua halijashuka. Kulabu ziachane kama mita tatu, ziwe juu ya kichwa chako, na kamba iachiwe ilegee hadi sehemu ya chini kabisa ya hamaka ifike usawa wa kiti. Ikikazwa kama kamba ya kuanikia, hata kazi ya Tixkokob itakutupa sakafuni. Kati ya chuma na kitanzi weka kamba ya katani, kwa sababu upepo wa bahari hutia kulabu kutu na kutu hula uzi. Jioni watu watatoa viti nje wapunge upepo, na anayeuza kaki iitwayo marquesita atasimamisha mkokoteni wake, amwage unga kwenye chuma cha moto, akunie jibini ngumu ya Kiholanzi na kuviringisha kaki hiyo ikiwa bado laini. Kula nje. Makombo na hamaka ya pamba ni karamu ya sisimizi.

Ikichafuka, ifue kwa mkono kwenye beseni kwa sabuni isiyo kali, uianike kivulini. Kabla ya hapo fumbata mikono ya kila upande uifunge kwa utepe sehemu mbili, karibu na kitanzi na karibu na kitanda. Usipoifunga, zile jozi 150 zitakwenda kutembeleana majini, na utazitenganisha moja moja wakati wenzako wamelala.