Shefu wa mradi hapimwe na Excel peke yake

Wandugu, musome tena yale matangazo ya kazi ya ONG yenye tunatumiana kila siku: shefu wa mradi, diplome ya chuo kikuu, miaka 5 ya uzoefu, ajue Excel. Njo vile mnapima mtu? Shirika la Marekani PMI, kwa mtihani wake wa PMP wa 2021, liliweka 42% ya maswali juu ya watu: kutuliza ugomvi, kuongoza timu. Huku kwetu testi ni bajeti na ratiba, basi.

Mwenye anaweza kuketi na komite ya maji mpaka mabishano ya bomba yaishe, huyo anatupwa kwa lojistiki. Wa Excel kali anapewa timu ya watu 12, na kisha miezi mitatu hawasemeshane tena.

Lakini sisi pia (mimi wa kwanza) kwa CV tunaandika “uongozi” tu. Uliongoza nani? Mlikosana wapi, mkapatanaje? Hapo kimya.

Wenye kuajiri, ongezeni dakika 20: mpeni mtu ugomvi wa kweli wa mradi, musikilize swali lake la kwanza.