Waliosoma Maji ya Ndalaga

Kazi ya kuvipa majina viumbe visivyoonekana kwa macho haipigiwi makofi, nami nataka kuipigia leo.

Mwaka 1935 na 1936 Hubert Damas, kutoka Liège, Ubelgiji, alichunguza maji ya Ziwa Kivu, Ziwa Edward na Ndalaga, mojawapo ya maziwa ya Mokoto kule Masisi, mashariki mwa Kongo. Diatomu za maji hayo, yaani mwani wa seli moja wenye ganda la silika, zilifika kwa Friedrich Hustedt wa Bremen, mwalimu wa shule aliyeacha kufundisha ili azishughulikie hizo tu. Kitabu chake kilitoka 1949, kikiwa na spishi kadhaa ambazo hakuna aliyewahi kuzieleza. Moja aliipa jina la Damas.

Ni kazi ya subira kweli. Sampuli huchemshwa kwa asidi mpaka uchafu wote uliwe, libaki ganda tupu. Tone hukaushwa, hufunikwa kwa utomvu na kioo chembamba, kisha mtu huinamia hadubini na kuhesabu mistari ya ganda: mingapi ndani ya mikromita 10? Tofauti ya mistari michache huweza kutenganisha spishi mbili. Shingo hukakamaa, macho huwasha, na hesabu huanza upya.

Furaha yangu kubwa ni Mwapu Isumbisho, mtafiti wa Bukavu, kando ya Ziwa Kivu, mmoja wa waliochapisha mwaka 2006 utafiti wa mwani wa Ziwa Kivu. Lakini vioo vyenye diatomu za Hustedt vingali Bremerhaven, Ujerumani. Vijana wa Masisi na wa Walikale jirani nao wanastahili hadubini zao, hukohuko kwao, kando ya maji yenyewe.