Umbali wa Neno na Neno

Mara nyingi husemwa kuwa sentensi ndefu ndiyo imchoshayo msomaji wa Kiswahili. Shutuma hiyo yafaa ipimwe kwanza, maana wako wahariri waishikao kama sheria, wakazikata sentensi za watu kwa kuhesabu maneno tu.

Itazamwe hii: "Minazi ambayo wazee wa Miburani, kisiwani Mafia, waliipanda kando ya kisima imekauka." Kati ya minazi na kukauka kwake pana maneno tele, wala msomaji hapotei. Kiambishi i- humrudisha penye minazi. Kisima hakiwezi kukidai kitenzi hicho, kwani chake ni ki-. Sasa kisima kiondolewe, iwekwe mikorosho: "waliipanda kando ya mikorosho imekauka." Urefu ni ule ule, lakini msomaji husita, na pengine hurudi nyuma. Mikorosho ni ya ngeli moja na minazi, tena ndiyo iliyo jirani ya kitenzi.

Mwaka 1998 Edward Gibson alieleza kuwa mzigo wa msomaji huongezeka kadiri maneno yategemeanayo yanavyotengana. Ni kweli; ila katika Kiswahili ngeli huupunguza mzigo huo zinapokuwa mbalimbali, na huuzidisha zinapofanana. Mhariri ahesabuye maneno pasipo kuzitazama ngeli atakata palipo pazima na kuacha palipo na donda.

Kirejeshi cha ndani ya kitenzi nacho hufupisha safari. Katika "minazi waliyoipanda wazee" jina na kitenzi chake vimegusana, na mtenda amesogezwa nyuma. Kwa hiyo wengi hulisifu umbo hili na kuliona amba- kuwa ni la mtu mvivu. Dharau hiyo imepita kiasi. Viumbe hai, wawe samaki au watu, hufuata a- na wa-, na hapo ngeli haisaidii tena: "Papa potwe aliyemfuata mvuvi alionekana Kilindoni." Ni nani aliyekuwa mbele, na nani nyuma? Sarufi yaruhusu maana zote mbili, na msomaji asiyewajua papa wa Mafia hana pa kushika. Iandikwe "papa potwe ambaye mvuvi alimfuata": umbali umeongezeka kwa neno zima, na mvuvi amejulikana kuwa ndiye aliyekuwa nyuma.